Kuchosha, kuchusha, kukinaisha au yale yale: uchague lipi?

Siku moja tulikuwa Matondoni, upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa cha Lamu, barazani kwa mama mmoja anayesuka ukili, ule utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka. Miyaa yake, yaani majani yenyewe, ilikuwa imelowekwa, imelala ndani ya kitambaa kibichi pembeni. Alichukua mwaa mmoja, akaupitisha juu, akaupitisha chini, akaukunja ukingoni, akauvuta, kisha akachukua mwingine. Ukili ulimshukia mapajani ukajikunja kwenye jamvi. Mgeni tuliyekuwa naye alitazama kwa muda mrefu, halafu akasema neno moja la Kiingereza, monotonous. Kijana aliyekuwa akimtembeza akalitafsiri papo hapo:

"Mama, mgeni asema kazi yenu yachusha."

Mkono ukasimama. "Yamchusha nani? Yeye au mimi?"

Kijana akakosa la kusema. Nikamuuliza mgeni alichokusudia, naye akaeleza kwamba alishangaa kuona mkono ukifanya kitendo kimoja saa nzima bila kubadilika. Dharau haikuwamo. Nikamwambia mama: "Asema mkono wako wafanya jambo lile lile tangu tumekaa hapa." Akacheka. "Ni kweli, mwanangu. Mkono wajua ndia, sina haja ya kuutizama." Akaendelea kusuka.

Mgeni alikuwa yule yule, na neno lake lile lile. Tafsiri moja ilimwudhi mwenye kazi na nyingine ikamfurahisha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizwa, hasa na vijana wa kutembeza wageni na wanafunzi wanaoandika insha, ni neno gani hasa la Kiswahili la kueleza kitu kisichobadilika mpaka mtu akakosa hamu nacho. Haya ndiyo majibu yangu, neno kwa neno.

Tuanze na lile la Kiingereza, maana ndilo linalotupa taabu. Asili yake ni Kigiriki: monos ni moja, tonos ni sauti. Maana yake ya mwanzo, basi, ni sauti moja isiyopanda wala kushuka. Baadaye likatanuka, likaingia kwenye kazi, mandhari, chakula na maisha yenyewe. Linaweza kueleza tu kwamba kitu hakibadiliki, na linaweza kulaumu. Kiswahili hakina kivumishi kimoja cha kubeba yote hayo. Ukitaka kulisema jambo hili kwetu, huna budi kwanza kujua linampata nani na linampata wapi: mwilini, tumboni, moyoni, ulimini au sikioni. Kila mahali pana neno lake.

Kuchosha na kuchusha

Haya mawili hutengana kwa irabu moja, na wengi huyachanganya. Kuchosha limetoka kwa kuchoka. Kuchusha limekaa karibu na chuki, na ukilitamka mbele ya mtu mzima ataisikia hiyo chuki hata kama hukuikusudia.

Kuchosha ndilo neno la kawaida na la salama zaidi, lakini lina uzito wa aina mbili. Basi la kutoka Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, na ukishuka gatini kungojea mashua, mgongo ndio unaosimulia ulikopita. Ukisema safari ilikuwa ya kuchosha, kila mtu ataelewa kwamba umechoka mwili. Hatajua kama njiani mlikuwa na mambo ya kutazama au hapakuwa na kitu. Safari yenye vituko kila kilomita huchosha pia. Kwa hiyo ukitaka kuonyesha kwamba kilichochoka ni akili, kitaje chenyewe: kazi inayochosha akili, hesabu zinazochosha macho, hotuba inayochosha masikio. Neno moja la ziada linaondoa utata wote, na sijui kwa nini watu huliona ni mzigo.

Kuna jambo jingine ndani ya kuchosha ambalo kwangu ni kubwa kuliko hilo. Tazama sentensi hizi tatu. Kazi hii ni ya kuchosha. Kazi hii inachosha. Kazi hii inanichosha. Ya kwanza inatoa hukumu juu ya kazi yenyewe, kwamba ndivyo ilivyo kwa kila mtu na kila siku. Ya pili inaeleza inavyokuwa inapofanywa. Ya tatu imelileta jambo kwangu mimi peke yangu: huenda wewe haikuchoshi, na kazi haina kosa. Ile ni- ndogo katikati ya kitenzi ni adabu kubwa. Yule mgeni wa Matondoni, hata kama angekuwa amechoka kutazama, ingetosha kumwambia mama kwamba kutazama kumemchosha. Asingekuwa amegusa kazi ya mtu.

Kuchusha ni habari nyingine. Uchafu huchusha. Tabia za mtu huchusha. Mtu anayejisifu barazani huchusha, na hata mara ya kwanza anaweza kuchusha. Halina lazima ya kurudiwa. Kwa sababu hiyo silioni kuwa neno la ukosefu wa mabadiliko hata kidogo. Linafaa pale tu ambapo kurudiwa kumezaa kuchukia, yaani mtu amesikia malalamiko yale yale mpaka anageuza uso akimwona mlalamikaji anakuja. Ukiwa hujafika huko, liache.

Kukinaisha

Hili ndilo nilipendalo kuliko yote, na ndilo linalohitaji uangalifu kuliko yote.

Chukua halua. Kijiko cha kwanza ni raha. Cha pili ni raha. Ukifika cha sita koo lakataa. Halua haikuharibika, ni ile ile, na utamu wake ni ule ule wa kijiko cha kwanza. Aliyebadilika ni wewe: umejaa. Hapo ndipo Mswahili husema nimekinai, au halua hii yakinaisha. Wali wa nazi ulio mzito wa tui hukinaisha, na wiki nzima ya samaki wa kupaka hukinaisha hata kwa mpenzi wa samaki. Neno limeanzia mezani likaenda mbali: sifa zikizidi hukinaisha, nakshi zikizidi kwenye mlango hukinaisha macho, na mwandishi anayetumia tashbihi kila sentensi humkinaisha msomaji.

Tofauti yake na kuchosha ni hii. Kinachochosha kinaweza kuwa kibaya tangu mwanzo. Kinachokinaisha kilikuwa kizuri, na pengine bado ni kizuri. Kosa ni wingi wake au kurudi kwake bila mapumziko. Ukimwambia mpishi chakula chake chachosha, umemtukana. Ukimwambia umekinai, umemwambia kwamba umekula ukatosheka, na atakuletea kahawa.

Na hapo kwenye kutosheka ndipo penye mtego. Kukinai ni neno lenye asili ya Kiarabu, na huko lilikotoka ni neno la sifa: kuridhika na ulichopewa. Kinaa ni kuridhika. Mtu mkinaifu ni mtu asiyetamani cha mwenzake. Mawaidha mengi misikitini huhimiza ukinaifu, na watu wa pwani hulipokea neno hilo kwa maana hiyo bila kufikiri. Sasa ingia darasa la fasihi katika shule ya sekondari ya Kenya. Mwalimu atakwambia kwamba msimulizi wa ngano huingiza wimbo katikati ili kuondoa ukinaifu kwa hadhira. Mwanafunzi wa Lamu anasikia Ijumaa kwamba ukinaifu ni johari ya kutafutwa, na Jumatatu kwamba ni ila ya kuondolewa. Nimewahi kuulizwa na binti mmoja wa kidato cha tatu kama mojawapo ni kosa. Hakuna kosa. Ni neno moja lililotazamwa pande mbili: aliyeshiba anaweza kushukuru, na aliyeshiba anaweza kusukuma sahani.

Ushauri wangu ni kutumia kitenzi chenye -isha unapozungumzia kitu kilichozidi: kinakinaisha, cha kukinaisha. Nomino ya ukinaifu iachie maana ya kuridhika, isipokuwa unaandika mtihani wa fasihi, ambako maana ya pili imeshazoeleka na mtahini anaingojea. Na usilichanganye na kinaya, ambalo katika uhakiki ni kusema au kutukia kwa jambo kinyume cha linalotarajiwa. Ni neno jingine kabisa.

Chapwa, doro, kupooza

Haya nitayapita haraka kwa sababu hayahusu kurudia. Chapwa ni kitu kisicho na ladha: mchuzi chapwa, maneno chapwa. Dufu ni ndugu yake. Kitu kinaweza kuwa kipya kabisa, hujapata kukiona maishani, na bado kikawa chapwa. Doro ni kitu kisicho na nguvu wala shamrashamra: soko doro, biashara doro, na kitenzi chake ni kudorora. Kupooza ni kupoteza joto na mwendo, kama mji wa Lamu wakati wa masika, wageni wakiwa wachache na mashua zimefungwa gatini. Lakini kupooza ni maradhi pia, basi angalia unapolitumia kwa mtu.

Neno la sarufi hapa, maana wengi hukosea: chapwa, dufu na doro hayabadiliki. Ni mchuzi chapwa, vyakula chapwa, maneno chapwa, sawa na safi au hodari. Huwezi kusema wachapwa ukimaanisha watu wasio na ladha. Hao watakuwa wamepigwa. Yale ya kuchosha na kukinaisha hufuata ngeli kwa kiunganishi chake: kitabu cha kukinaisha, mchezo wa kuchosha, mambo ya kuchosha.

Yale yale

Sasa nije kwenye neno lililoniokoa Matondoni. Nathubutu kusema ndilo lililo karibu zaidi na maana ya kitu kisichobadilika, ingawa ukitafuta kivumishi kwenye kamusi huenda usilifikie. Kiswahili huchukua kionyeshi cha mbali na kukirudia: wimbo ule ule, kitabu kile kile, siku zile zile, njia ile ile, mambo yale yale. Sauti yenyewe inafanya kile inachokieleza. Masikio yanasikia kurudia kabla akili haijapata maana.

Uzuri wake ni kwamba halihukumu. Linasema tu kwamba kitu hakijabadilika, kisha linakuachia wewe uongeze hisia au usiongeze. "Umekuja na uso ule ule," anasema shangazi akimpokea mpwa wake aliyekaa ughaibuni miaka kumi, na machozi yanamtoka. "Umekuja na hadithi ile ile," anasema mwenye duka kwa mdeni wake. Neno ni moja, na mapenzi au hasira vimetoka kwenye sauti na mahali.

Nalisisitiza hili kwa sababu sisi watu wa Lamu tunaishi ndani ya kurudia, na mengi tunayoyarudia hayatuchoshi. Utenzi ni mfano ulio wazi kuliko wote. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane. Vitatu vya mwanzo vina kina chao, ambacho hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti, na cha nne hubeba kina cha bahari, ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, hata kama beti ni mia tano. Kwa hesabu hiyo mtu angetegemea usingizi. Kaa karibu na mtu anayeujua kuughani utenzi uone: kila kipande cha nne kinapokaribia, wasikilizaji wanakingojea, na wengine wanakimalizia naye. Wanakaa kwa sababu wanajua kina kitarudi.

Maulidi ni vivyo hivyo. Kila Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, kisomo ni kile kile, matwari yanapigwa kwa mapigo ambayo mtoto wa Lamu ameyasikia tangu tumboni, na watu wanatoka Pate, Siyu, Faza na mbali zaidi kuja Msikiti wa Riyadha kuyasikia tena. Ukimtafsiria mgeni kwamba maulidi ya mwaka huu ni yale yale ya mwaka jana, umesema kweli na umesifu. Ukisema yanakinaisha, hakuna atakayekuelewa. Ukisema yanachusha, utatafutwa.

Kwa hiyo mwandishi akitaka kulaumu, yale yale peke yake halitoshi. Aliunge na kitenzi: mambo yale yale yanayochosha, sifa zile zile mpaka zikakinaisha. Hapo msomaji anapata vyote viwili, kilichotokea na kilichohisiwa, na anajua kipi ni kipi. Kuhusu maandishi, wengine huliunganisha, yaleyale, na wengine huliachanisha. Mimi huliachanisha, na naomba tu kwamba ukianza na njia moja usibadilishe katikati ya ukurasa.

Lipo pia la kujirudia, au kujirudiarudia, ambalo hutumika sana kwenye ripoti na magazeti: makosa yanayojirudia, ajali zinazojirudia. Ni neno zuri kwa tukio linalotokea tena na tena kwa kuachana. Kwa kitu kinachoendelea bila kukatika, kama mkono wa msusi au jangwa la mchanga, silitumii.

Sauti, na lile la vijana

Ikiwa kisichobadilika ni sauti ya mtu, Kiswahili kina jina lake: kiimbo kimoja. Taarifa ya habari iliyosomwa kwa kiimbo kimoja, mtoto anayesoma ubaoni kwa kiimbo kimoja. Hapa ndipo tunapokutana na maana ya kwanza ya lile neno la Kigiriki, karibu neno kwa neno, na ajabu ni kwamba wafasiri hulikimbia na kuandika sauti ya kuchosha. Sauti ya kuchosha inaweza kuwa kali, au ya puani, au ya kupiga kelele. Kiimbo kimoja hakina tafsiri mbili.

Vijana husema inaboo, na mtu akiwa amejaa huo uchovu wa kukosa la kufanya husema nimeboeka. Ni maneno ya Kiingereza yaliyovaa kikoi. Sina ugomvi nayo kwenye mazungumzo. Yanasema jambo ambalo kuchosha halilisemi vizuri, ule utupu wa saa tisa mchana, intaneti imekatika na rafiki hawaonekani. Kwenye insha, barua ya kazi au kibao cha wageni, usiyaweke. Sema sina la kufanya, au muda hauendi. "Muda hauendi" ni maneno ya siku zote, na kila mtu anaijua saa hiyo inavyokuwa.

Sentensi moja, maneno sita

Anayetaka kujipima achukue hotuba moja tu ya semina na ajaribu maneno yote juu yake. Ukisema hotuba ilichosha, nitafikiri ilikuwa ndefu, au viti vilikuwa vigumu. Ilikinaisha: mwanzo ilipendeza, ila mifano ilizidi, au sifa za mgeni rasmi zilirudi kila baada ya dakika mbili. Ilichusha: msemaji alijisifu au alidharau watu. Ilikuwa chapwa: ilisemwa vizuri lakini haikuwa na kitu ndani. Ilikuwa yale yale: tuliisikia mwaka jana, na pengine ni kweli tupu. Ilisomwa kwa kiimbo kimoja: maneno huenda yalikuwa dhahabu, sauti ndiyo iliyoyaua. Ni lawama sita, na msemaji anayetaka kujirekebisha atafanya jambo tofauti kwa kila moja. Ukimwambia tu ilikuwa ya kuchosha, atafupisha, hata kama kosa lilikuwa sauti.

Ukiwa na shaka na huna muda, chukua yale yale kwa kitu cha mtu mwingine, na inanichosha kwa hisia yako mwenyewe. Ndivyo nifanyavyo mimi nikiwa nimesimama gatini na mgeni anangoja jibu.

Juzi nahodha mmoja alinipa karatasi ya Kiingereza inayoeleza safari ya kwenda Pate kupitia mlango wa Mkanda, akaniomba niiandike kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni wanaotoka Nairobi na Mombasa. Neno lile lile la yule mgeni, monotonous, lilikuwamo, likieleza mwendo wa katikati ya mikoko. Nikaandika: "Kwa muda mrefu utaona mikoko tu, kulia na kushoto, mikoko ile ile." Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, akitazama upande wa maji, kisha akasema, "Sawa, ndivyo ilivyo. Lakini, bwana, andika na ndege. Ndege si wale wale."

Nikaandika na ndege.